Karatasi Isiyo na Kichwa

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Mtu akinikosea simpigii kelele, namweka akiba. Nitamsalimia, nitamuuliza hali ya watoto, nitakula pilau yake arusini, na huku moyoni namngoja. Mchungaji wetu amenihubiria juu ya jambo hilo mpaka akachoka, sasa hunihubiria juu ya kuchelewa ibadani.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya maji ya bwawa la Kiambere, upande wa Mbeere, kwenye jua lisilo na adabu, mbuzi, ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna. Maji yenyewe ni mapana. Asubuhi yenye ukungu huoni ng'ambo, na watoto wetu huyaita bahari kwa sababu bahari yenyewe hawajaiona. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha. Siku hizi nawaacha, wana haki ya kuwa na bahari yao.

Habari zote za kijiji hupita mkononi mwangu. Nilifanya kazi ya ukarani katika shule moja kule Kaaga, Meru mjini, nikapiga chapa barua za walimu wakuu wanne mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyejua mkato unawekwa wapi. Nilipostaafu nilirudi nyumbani kukaa na mama. Sina mume. Nilikuwa naye, lakini hilo si la leo. Wiki hazikupita nyingi kabla kamati ya kijiji haijanifanya katibu, maana hati yangu inasomeka na sichoki kuandika. Basi ni mimi ninayeandika matangazo ya kanisani, ya ubao wa nje ya duka na ya grupu la wasapu. Mfereji utafunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa mbili hadi saa sita. Kiboko ameonekana karibu na mashamba ya chini, watu wasiteremke kabla jua halijapanda. Amepotea mbuzi jike, mweupe, sikio la kushoto limechanika. Naibu wa chifu ameitisha baraza. Chanjo ya mbwa ni bure, na mwenye mbwa aje na kamba, si kama mara iliyopita.

Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa afisa wa kilimo mashinani. Kilimo kilimshinda, kofia ikabaki. Ilikuwa kofia ya kaki yenye ukingo mpana, na hakuivua hata mbele ya chifu. Alikuwa na haraka ya watu wakubwa. Kila mkutano wa kamati huanza kwa kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, ili waliokuwepo waseme kama ndivyo ilivyokuwa, kisha mmoja apendekeze, mwingine aunge mkono, mwenyekiti atie sahihi. Yeye alikuwa akisema tu, “Tuchukulie zimesomwa.” Mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, naye anachukua kalamu yangu na kusaini kila ukurasa huku akitazama kwingine. Miwani alikuwa nayo mfukoni. Aliona haya kuivaa, ati itamzeesha.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu mtu akifika mkutanoni hutia sahihi kwanza, kabla hajajua mkutano ni wa nini. Tulifundishwa na mikate. Miaka ile ya semina, asiyekuwa kwenye orodha hakupata soda wala mkate, na watu wakajifunza kuikimbilia karatasi kama mbuzi walioonyeshwa chumvi. Hata leo ukiitisha mkutano wa kuzungumzia panya, utaona kina mama wanauliza kwanza, karatasi iko wapi.

Siku moja mkutano ulikuwa wa mfereji. Wengine walitaka ufunguliwe Jumamosi. Nilitoa karatasi nianze kuandika kichwa chake, “Mahudhurio”, na tarehe, na ajenda. Mwenyekiti akaweka mkono wake juu ya karatasi.

“Kichwa tutaandika baadaye, katibu. Mikate inakauka.”

Nikaizungusha vile vile, tupu juu, mistari chini. Ilipita kwa kila mtu. Wenye kusoma wakatia sahihi, wazee wakaweka kidole gumba kwenye wino kisha kwenye karatasi. Mama yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele na leso yake ya kanisani. Nikamfikishia, akaweka kidole, akapokea mkate wake na kuukata vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha mjukuu wa jirani. Tukazungumza habari za mfereji hadi saa saba, hatukukubaliana, tukaenda nyumbani.

Baada ya majuma machache walikuja watu na nguzo na waya. Kutoka lango la mama kuna njia inayoteremka kati ya mawe hadi kwenye mwamba mpana ulioingia majini. Hapo ndipo kijiji kizima huteka maji siku ambazo mfereji umekauka, na siku hizo ni nyingi. Ni mahali pazuri kwa sababu maji hayana kina na hakuna majani, mamba akija unamwona kabla hajakuona. Watu wale wakaziba njia juu na chini. Kisha wakapachika kibao cha mradi wa vizimba vya samaki na vibanda vya wageni. Mwenye mradi alikuwa mtu wa Embu mjini, na kila mtu alijua kwamba amemwoa binti ya mwenyekiti.

Mama hakuniuliza lolote. Baraza la naibu wa chifu lilipofika, alivaa leso ile ile akaenda, na akasimama mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kusimama barazani maishani mwake. Alisema kwa Kimbeere, taratibu, kwamba njia ile aliikuta, na akauliza nani ameiuza. Mwenyekiti hata hakuinuka. Alitoa karatasi kwenye bahasha akaiinua juu. Sasa ilikuwa na kichwa, kimepigwa chapa kwa herufi nyeusi: sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tumekubali kwa hiari yetu wenyewe kuachia njia na mwamba kwa ajili ya maendeleo.

“Mama,” akasema, “hiki si kidole chako?”

Watu wakacheka. Si kwa ubaya wote, wengine walicheka kwa aibu, maana vidole vyao pia vilikuwa hapo. Lakini walicheka. Mama alikitazama kile kidole, akakusanya leso yake, akaketi. Mimi nilikuwa mezani, kalamu mkononi. Sikusema neno. Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba, na nikamtazama yule mzee na kofia yake nikajiambia, wewe, nimekuweka.

Tangu siku hiyo mama hakukanyaga baraza tena. Na maji aliyafuata kwa kuzunguka. Kuna korongo upande wa chini, njia ya mbuzi, inayoishia penye matete. Nilimkataza. Nilimwambia nitanunua maji kwa wenye pikipiki. Akasema maji hayo yananuka mitungi, na kwamba punda wake anajua kukaa mbali na ukingo. Mama yangu ukimkataza jambo umemfungulia mlango.

Punda alikuwa anajua kweli, mpaka asubuhi moja ya kiu. Mamba alimkamata kwa mdomo alipoinama kunywa. Mama alikuwa ameshika kamba na hakuiachia. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, mitungi miwili mitupu kando yake, mikono imefunguliwa magotini kama mtu anayeomba, na viganja vyote viwili vimechunwa ngozi na kamba. Hakuwa analia. Aliniambia kwamba alivuta. Alilirudia mara tatu, kwamba alivuta.

Ndugu yangu mdogo ana shamba la ndizi Mitunguu, mahali ambapo maji hupita mferejini mchana kutwa, hadi watu wanayachukia. Alikuja siku ya pili na pikapu yake. Alipoona viganja vile alitoa hukumu: mama akishavuna ndengu, anahamia kwake. Asiye na maji hana nyumba, alisema, na hapa hakuna maji, kuna mamba. Sikuweza kumbishia. Mama ndiye aliyembishia. Alisema alikwisha kuhamishwa na maji mara moja, bwawa lilipopanda, akapanda mlima na mlango wa nyumba yake kichwani, na mlango ule ndio huu anaoufungua hadi leo. Hatahamishwa na waya. Ndugu yangu akamwambia kwa upole kwamba waya haukumwomba ruhusa. Basi wakakubaliana hivi: njia ikifunguka kabla ya mavuno, mama anabaki. Isipofunguka, pikapu itarudi.

Ndengu zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nilikuwa na muda huo tu.

Nikiri kwamba nilianza na upuuzi. Fahali wa mwenyekiti alipopotea niliandika tangazo lake baada ya tangazo la mwavuli uliosahaulika kanisani, na rangi ya fahali nikaikosea makusudi. Mkwewe alipotaka kutangaza ufunguzi wa mradi, niliandika saa nane badala ya saa tatu, akaja na hema, spika na wageni wake kutoka Embu, wakakaa asubuhi nzima wakitazamana na mbuzi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama akaniuliza nina nini. Lakini kicheko hicho hakikunishibisha. Waya ulikuwa pale pale. Kila nikimfunga mama viganja kwa kitambaa, hasira iliniamka upya, na nikajua kwamba kumsumbua hakutoshi. Nilitaka aanguke kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale, na wacheke.

Kughushi ningeweza. Kumfanya mtu asiyesoma asaini kwamba amejiuzulu ni kazi ya dakika mbili. Nililifikiria kwa siku kadhaa, sitadanganya. Nikaona kwamba nikifanya hivyo, siku ya siku atainua karatasi na kuniita mwongo, na atakuwa amesema kweli. Nikaamua kufanya jambo ambalo hakuna katibu wa kijiji anayelifanya. Niliamua kuandika kila neno alilosema.

Makatibu wote hufupisha. Mtu akitukana, unaandika “alitoa maoni yake kwa uchungu”. Akidanganya, unaandika “alifafanua”. Ndivyo tunavyoishi pamoja. Mimi nikaacha kufupisha. Katika mkutano uliofuata wa kamati tulikuwa watu sita kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na ajenda zilipokwisha tukafika kwenye Mengineyo, pale ambapo watu hulegeza mikanda na muguka hutoka mifukoni. Mwenye duka, ambaye ndiye mweka hazina wetu, akamuuliza mwenyekiti, kwa utani tu, aliwezaje kuwakubalisha wazee wagumu kama wale. Mwenyekiti akacheka, akaegemea ukuta, akasimulia yote. Alikuwa anajivuna. Mtu akishakosa ni lazima amwambie mtu, vinginevyo haoni utamu wa kosa lake. Kalamu yangu ilikwenda kama cherehani.

Juma lililofuata nilizipiga chapa zile kumbukumbu, kurasa nne, nambari kila aya. Nikamngoja nje ya duka. Alikuwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, anakwenda Embu. Nikamwambia ni zile za mkutano uliopita. Kweli kamati ilipokutana tena asubuhi hiyo alisema tuchukulie zimesomwa, na wenzetu walikwisha kupendekeza na kuunga mkono; ilibaki sahihi tu. Akaziweka juu ya tangi la petroli, akasaini kurasa zote nne, akagonga muhuri wa kamati, akanirudishia kalamu. Akaniambia kwamba angekuwa na makatibu wawili kama mimi angekuwa gavana.

Nilipeleka nakala moja kwa naibu wa chifu, kama inavyotakiwa, naye akaitia kwenye faili bila kuifungua, kama inavyotarajiwa. Nyingine nikaiweka chini ya godoro langu. Kisha nikangoja. Watu husema kulipiza kisasi ni kazi ya moto. Wamekosea, ni kazi ya kukaa. Nilimsalimia kila siku. Nilimpelekea mkewe maboga. Ndengu zikatoa maganda, maganda yakaanza kukauka, na ndugu yangu akapiga simu kusema anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba nimengoja kupita kiasi, ndipo ikaja barua ya kaunti: maafisa watakuja Alhamisi ya juma lile lile kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mradi wa mwamba, na baada ya hapo wataupitisha au kuukataa. Ni mimi niliyeliandika tangazo hilo. Niliandika saa sahihi.

Alhamisi watu walijaa uwanja wa shule ya msingi. Nilizungusha karatasi ya mahudhurio yenye kichwa kikubwa ambacho hata kuku angekisoma. Mama hakuja. Nilimwomba aje, akasema ana ndengu za kupura. Afisa aliyeongoza kikao alikuwa mwanamke wa umri wa bintiye mwenyekiti, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani, na alikuwa anasoma kila kitu kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikampenda papo hapo.

Mwenyekiti alisema maneno mazuri kuhusu maendeleo. Akatoa ile karatasi ya vidole. Afisa akaisoma, akaigeuza nyuma, akauliza kama kuna kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha kwamba jambo hili lilijadiliwa. Mwenyekiti akaninyooshea mkono bila kunitazama.

“Zipo, katibu anazo. Tuchukulie zimesomwa.”

“Hapana,” afisa akasema. “Zisomwe.”

Nikasimama. Niliruka hadi ukurasa wa nne nikasoma kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kuwaita watoto wa Kaaga kutoka uwanjani. Kumbukumbu ya saba, Mengineyo. Mwenyekiti alieleza kwamba karatasi ya wakazi ilikuwa ya mahudhurio ya mkutano wa mfereji. Alieleza kwamba kichwa chake kiliongezwa baadaye, katika saiba moja, duka la kompyuta, Embu mjini, mbele ya mkwewe. Alisema wazee wa kijiji hiki hata ungewaandikia kwamba wamekubali kuzikwa wazima wangeweka kidole, mradi mkate upo. Wajumbe walicheka.

Nilisikia kamba ya bendera ya shule ikigonga mlingoti. Kisha mzee mmoja aliyekuwa mbele, kiziwi kidogo, akamwuliza jirani yake amesema wazikwe nani.

Mwenyekiti alisimama akasema ni uongo, kwamba mimi ni mwanamke mchungu niliyeshindwa na ndoa. Hilo la ndoa nilikuwa nimelitarajia. Nilimwendea na ile karatasi, nikaishika mbele ya uso wake.

“Bwana mwenyekiti, hii si sahihi yako?”

Alipapasa mfuko. Alivaa miwani, mara ya kwanza mbele yetu, na ikawa imekaa upande. Alitazama ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Muhuri wake ulikuwa chini ya kila mmoja.

“Ni yangu,” akasema. “Lakini mimi huwa sisomi.”

Walicheka, jamani. Walicheka kina mama, wakacheka wajumbe wenzake waliocheka naye kule chumbani, akacheka mwenye duka mpaka akakohoa. Nilikigawa kicheko kile moyoni mwangu mtu kwa mtu, nikataka kila aliyemcheka mama acheke hapa pia, na sikuona aliyekosa. Yule mzee alivua kofia yake. Sijui kwa nini aliivua, labda joto. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikiangalia vizuri ili nisikisahau.

Afisa akazichukua zile kurasa akazitia kwenye faili. Alisema ridhaa ya namna hiyo si ridhaa, kwamba mradi hauwezi kupita, na njia ya wananchi ni njia ya wananchi. Hakuna aliyengoja barua. Jioni ile ile, jua bado liko, vijana walizikunja nyaya na kung'oa nguzo, na kina mama wakateremka na mitungi wakiimba nyimbo za kanisa kwa maneno ya matusi. Mimi nikazituma zile kurasa nne, picha safi, kwenye grupu la wasapu. Halafu nikatuma tangazo jingine kwamba nafasi ya mwenyekiti iko wazi. Hakuwa amejiuzulu bado. Alijiuzulu kesho yake.

Sijuti. Leo hii mkewe hapokei maboga yangu, na binti yake alitupiwa maneno na mumewe mbele ya watu, na hilo la binti nasema ni baya kwa sababu najua napaswa kusema hivyo. Usiku nalala.

Jioni ile nilikwenda kwa mama mbio, mimi mwanamke mzima, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa ameketi kwenye turubai anapepeta ndengu. Nikamweleza kila kitu, tangu kumbukumbu ya saba hadi kofia. Nikamwambia asikie kina mama wanavyoimba kule chini. Nikamwambia hahami, Jumamosi pikapu itarudi tupu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha ungo. Viganja vilikuwa vimepona, vinang'aa kama vya mtu mwingine.

“Katika hayo uliyowasomea,” akaniuliza, “uliwasomea nani alinishika kidole?”

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Siku ile ya mikate mama alikuwa ameitazama karatasi kwanza. Kusoma hajui, lakini amepokea karatasi za kanisa na za hospitali maisha yake yote, na anajua karatasi huanza na maneno. Alinitazama, akaniuliza kwa Kimbeere mbona juu hakuna kitu. Nami nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia ni sawa mama, ni ya kwangu hii. Nikashika kidole chake mwenyewe, nikakichovya, nikakigandamiza. Nilikuwa nimeandika kila neno la yule mzee, na hilo sikuwa nimeliandika popote. Hata hapa, nimewasimulia mkutano ule, na hilo nililiruka.

Nilianza kumweleza kwamba nilidanganywa kama wengine. Akainua mkono.

“Yule sikumwamini hata siku moja. Kidole nilikupa wewe.”

Alisema siku ile barazani, alipooneshwa kidole na watu wakacheka, hakuwa anamtazama mwenyekiti. Alikuwa ananitazama mimi mezani, akingoja niinuke niseme kwamba karatasi ilikuwa yangu na haikuwa na kichwa. Akangoja hadi baraza likafungwa. Akangoja kule korongoni. Na leo nimesimama mbele ya watu wote na kalamu na kurasa nne, na bado sikulisema.

Jumamosi pikapu ilikuja. Ndugu yangu aliiona njia iko wazi, akacheka, akasema basi ameleta tu ndizi. Mama akatoka na mfuko wake na leso ya kanisani, akapanda mbele. Ndugu yangu alinitazama, nikatazama chini. Alimuuliza mama mara mbili kama ana hakika. Mama akasema ana hakika. Aliniagiza habari za mbuzi, nani anyonyeshwe, nani auzwe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Gari lilipowashwa alishusha kioo akaniambia siku nitakayolisoma na hilo mbele ya baraza, nimpigie simu, atarudi siku hiyo hiyo.

Haihitaji zaidi ya dakika moja. Ni sentensi moja, nimeshaiandika, kwa hati nzuri. Baraza liko kila mwezi. Lakini yule mzee naye huja kila mwezi. Anakaa nyuma kabisa, hana kofia, mikono magotini, na ninapofungua kitabu changu huinua uso na kunitazama. Nikisoma, atacheka. Najua atacheka, na watacheka naye, na atakuwa na haki. Naanza kuinuka, namwona, nafunga kitabu. Mama anakaribia kumaliza mwaka wa pili Mitunguu, na mimi siwezi kumpa mtu yule furaha hiyo.